Kukariri darasa hakumfundishi mtoto kusoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie mjadala wa watoto wanaofika darasa la nne hawajui kusoma. Kila yanapotoka matokeo ya upimaji wa darasa la pili na la nne, zinasikika sauti mbili. Moja inasema walimu ni wavivu. Nyingine inataka watoto hao wakariri darasa mpaka waelewe. Ya kwanza naiacha, maana kumtukana mwalimu mwenye watoto 90 chumbani ni kazi rahisi mno. Ya pili ndiyo inayonisumbua, kwa sababu ina sura ya busara na inamgharimu mtoto mwaka mzima.

Mtoto aliyekwama kwenye silabi, akirudia darasa la tatu, anakutana na nini? Na kitabu kilekile kilichomshinda mwaka jana, chenye habari ya ukurasa mzima na maswali chini yake. Darasa la tatu hakuna kipindi cha kurudi kwenye ba, be, bi, bo, bu. Kazi hiyo inahesabiwa ilikwisha darasa la pili. Kwa hiyo anarudia mwaka bila kurudia hatua aliyoikosa. Anakaa na wadogo zake, wanamwita kilaza, na haipiti miezi mingi ameanza utoro.

Kabla ya kumrudisha popote, tujue amekwama wapi. Kipimo chenyewe si mtihani wala hakihitaji mashine. Watu wa mpango wa Uwezo, waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kupima usomaji wa watoto Tanzania, Kenya na Uganda kuanzia miaka ya 2009 na 2010, waliutumia mtindo huu baada ya kuuazima kwa shirika la Pratham la India. Karatasi moja ina silabi kumi, maneno kumi, aya fupi, na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto anaanzia kwenye aya. Akiisoma bila kusuasua, anapewa hadithi. Ikimshinda, anashushwa kwenye maneno, na yakimshinda hayo, kwenye silabi. Pale anaposimama ndipo mahali pake: hajaanza, silabi, neno, aya, au hadithi. Dakika tatu kwa mtoto zinatosha, pamoja na kumwita na kumtuliza. Shule yenye watoto 270 wa darasa la tatu, la nne na la tano itatumia dakika 810, yaani saa 13 na nusu. Wakigawana walimu sita, kila mmoja ana saa mbili na robo. Mchana mmoja kazi imekwisha.

Hata hivyo kuna namna ya kuiharibu. Wapo wanaopima darasa zima kwa pamoja kwa maandishi ili kuokoa muda, na wanachopata ni taarifa ya nani amekaa karibu na nani. Wapo wanaompima mtoto mbele ya wenzake, akashikwa na aibu akanyamaza, akaandikwa "hajaanza". Na wapo wanaohesabu lafudhi kuwa kosa. Mtoto akisoma "lafiki" mahali palipoandikwa "rafiki" kwa sababu nyumbani kwao wote wanasema hivyo, amesoma. Aliyesoma "ramani" mahali palipoandikwa "rafiki" ndiye amekisia. Kabla ya yote mwangalieni macho: mtoto anayeshindwa kusoma ubaoni lakini daftari lililo mkononi analisoma, huyo ni wa kupelekwa zahanati.

Niongeze neno kuhusu kasi, maana siku hizi watu wanapenda kuhesabu maneno kwa dakika. Hesabu yake ni maneno yaliyosomwa, toa yaliyokosewa, zidisha kwa 60, gawa kwa sekunde zilizotumika. Chukueni aya hii: "Asha ana kuku. Kuku ana vifaranga sita. Mwewe akaja. Kuku akapiga kelele. Vifaranga wakajificha chini ya mbawa za mama." Ni maneno 19. Mtoto akiyamaliza kwa sekunde 40, akakosea "mwewe" na "mbawa", ana 17 mara 60 gawa kwa 40, yaani kama maneno 25 kwa dakika. Bado anapapasa. Lakini msilinganishe namba hiyo na ya Kiingereza. Neno moja la Kiswahili kama "hawatatuletea" limebeba sentensi nzima, na mtoto analipanda kama ngazi. Kenya wameliona hilo: kiwango chao cha msomaji mzuri ni maneno 65 kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Akimaliza aya ya Asha, aulizwe maswali mawili. "Kuku ana vifaranga wangapi?" linajibika kwa kurudia maneno ya kitabu. "Kwa nini vifaranga walijificha?" linataka aliyeelewa, maana jibu halikuandikwa. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, kwa hiyo tuna watoto wengi wanaosoma kwa sauti safi kama kasuku na swali la pili wanaliangalia tu.

Sasa nije kwenye silabi, ambako wengi wamekwama. Chanzo ni kwaya. Mwalimu anapitisha fimbo kwenye chati, darasa zima linaimba ba-be-bi-bo-bu, ma-me-mi-mo-mu, na mkaguzi akipita nje anafurahi. Mwite mtoto mmoja, weka kidole kwenye "bo" peke yake. Utamwona midomo inacheza kimyakimya, ba, be, bi, ndipo atoke na "bo". Anajua wimbo, silabi haijui. Dawa yake ni chati iliyochanganywa, bo-ma-tu-ki-le, inayoandikwa upya kila wiki, maana chati ikikaa ukutani mwezi nayo inageuka wimbo. Kazi yenyewe ina mwisho unaoonekana: konsonanti za herufi moja tunazotumia ni 18, irabu tano, kwa hiyo silabi 90, na irabu zenyewe tano, jumla 95. Mwenye hizo 95 kichwani anasoma baba, kitabu, darasa, kalamu, meza, na ukurasa mzima ukitungwa vizuri.

Baada ya 95 kuna mteremko mkali, na hapo ndipo vitabu vyetu vinakwenda mbio. Herufi mbili zinazotoa sauti moja, kama ch, sh, dh, th, ny, hazisumbui sana. Kinachosumbua ni mb, nd, ng, nj, nz, na tofauti ya ng na ng'. Halafu ile m inayosimama peke yake. "Mbuzi" ni mbu-zi, lakini "mtoto" ni m-to-to. Mtoto aliyezoea konsonanti kufuatwa na irabu atasoma "mutoto". Anayezungumza Kiswahili nyumbani atajisikia, atacheka na kujisahihisha. Wa Usukumani au Umasaini ambaye Kiswahili amekikuta shuleni hana sikio hilo la kumsaidia, na "mutoto" inabaki. Zoezi linalofanya kazi vizuri limo ndani ya lugha yenyewe: andika buzi, mbuzi, dege, ndege, goma, ngoma. Mtoto anaona herufi moja iliyoongezwa mbele, anasikia sauti inavyobadilika, na anafurahi kwamba buzi ni mbuzi mkubwa kupita kiasi. Jozi tatu kwa siku zinatosha. Msimpe ng' na ng siku moja. Ng'ombe aje wiki moja baada ya ngoma.

Watoto wakishapimwa, wanapangwa kwa hatua, si kwa darasa. Kwa saa moja kila siku, wakati uleule kwa shule nzima, wa darasa la tatu, la nne na la tano wanaotafuta silabi wanakwenda chumba kimoja, wa neno kingine, wa aya kingine. Saa ikiisha kila mtu anarudi darasani kwake kuendelea na mtaala. Dakika kumi za mwanzo ni mazungumzo ya mdomo, picha au kisa kifupi, ili maneno yapatikane. Kumi na tano za chati iliyochanganywa. Ishirini za vikundi vya watoto sita, kila kikundi na vizibo 30 vya soda vilivyoandikwa silabi kwa kalamu ya wino mzito, wanapanga maneno sakafuni. Kumi na tano za mwisho ni imla: maneno matano na sentensi moja. Imla msiiruke hata kama muda umebana, kwa sababu mtoto anayeandika "mtoto" bila u amelimaliza tatizo, na asiyeweza anajionyesha mwenyewe bila kuitwa. Kila baada ya siku kumi za masomo wanapimwa tena na kuhama.

Hili la kuhama ndilo linalotenganisha jambo hili na mikondo ya werevu na wajinga ambayo wazazi wanaiogopa, na wana haki. Mtoto akiwekwa kundi la chini Januari akabaki hapo hadi Novemba, kundi limeshakuwa jina lake. Na majina yenyewe tuyaangalie. Makundi yakiitwa Simba, Chui na Kobe, kufikia jioni ya siku ya kwanza shule nzima inajua Kobe ni akina nani. Yaitweni kwa rangi za milango ya vyumba, mambo yaishe.

Je, kuna ushahidi? Upo, na sehemu yake umetoka hapa kwetu. Magharibi mwa Kenya, watafiti Duflo, Dupas na Kremer walichukua shule 121 zilizopata fedha za kuongeza mwalimu wa darasa la kwanza. Katika nusu yake watoto waligawanywa kwa kiwango chao, katika nusu nyingine kwa bahati nasibu. Waliogawanywa kwa kiwango walifanya vizuri zaidi, wa juu na wa chini pia, kwa sababu mwalimu alikuwa na watu wa aina moja wa kuwafundisha. Kenya hiyohiyo, utafiti wa awali wa vitabu ulionyesha kwamba kugawa vitabu vya kiada kuliwanyanyua tu wale waliokuwa mbele tayari. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, vigumu kwa wengi wa watoto waliovipokea. Hiyo si hoja ya kuacha kununua vitabu. Inatuambia kitabu kinamsaidia aliyefikia kukisoma.

Utafiti mwingine ni wa Tanzania. Mwaka 2013 na 2014, shirika la Twaweza na watafiti wenzao waliendesha jaribio la KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10. Baadhi ya shule zilipata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, na fedha zilifika kweli. Nyingine zilipata ahadi ya bahasha kwa walimu: shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu kila somo, na 1,000 kwa mwalimu mkuu. Nyingine zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikusogeza alama za watoto. Bahasha peke yake ilileta kidogo, tena matokeo ya kuyumba. Viwili pamoja ndivyo vilivyoleta ongezeko la wazi, kubwa kuliko ukijumlisha kila kimoja peke yake. Wanaopiga kelele "leteni fedha tu" na wanaopiga kelele "walimu wabanwe tu" wote wanajibiwa hapo, ingawa sijaona upande wowote ukinyamaza.

India wanatufundisha jinsi jambo zuri linavyokufa likikabidhiwa ofisini. Pratham walipowafundisha walimu wa serikali mbinu ya kupanga watoto kwa kiwango na kuwaachia vifaa, katika majimbo ya Bihar na Uttarakhand walimu waliipokea vizuri kisha wakaendelea na kitabu cha darasa, kwa sababu kumaliza kitabu ndiko walikokaguliwa. Katika jimbo la Haryana mbinu hiyo ilifanya kazi pale ratiba ilipotenga saa maalumu, watoto wakapangwa upya kwa hiyo saa, na wasimamizi wa elimu wakawa wanatembelea na kusaidia. Uttar Pradesh, ambako hata saa hiyo ingekuwa ngumu kulindwa, waliweka kambi za siku kumi au ishirini kwa awamu, jumla kama siku 50, na watoto wengi waliokuwa hawasomi wakasoma. Mbinu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni nani anailinda ile saa.

Hapa kwetu saa hiyo itauawa na nani? Kwanza, na darasa la saba. Mtihani ukikaribia, mwalimu wa kundi la silabi anaitwa kwenda kusimamia jaribio la darasa la saba, wiki mbili zinapita, kundi limesambaa. Dawa ni kuwaacha kabisa walimu wa darasa la saba nje ya mpango huu na kutowagusa walimu wa saa hii kwa sababu yoyote. Pia tuache desturi ya kumpeleka mwalimu hodari kwenye darasa la mtihani na mwalimu mgeni kwenye darasa la kwanza. Kundi la "hajaanza" lipewe mwalimu mwenye subira na sauti kuliko wote. Kundi la hadithi linaweza kupewa hata asiye na uzoefu, mradi lina vitabu vya kusoma.

Pili, takwimu. Siku ambayo wilaya itaomba idadi ya waliohama kutoka silabi kwenda neno ili ilinganishe kata na kata, watoto wote watahama kwa kalamu. Nashauri daftari la makundi libaki shuleni, na Afisa Elimu Kata badala ya kukusanya karatasi achukue watoto watano wowote wa kundi la aya, awasomeshe mwenyewe. Pikipiki wengi wanayo. Kenya, kwenye mpango wa Tusome ulioenea nchi nzima kuanzia 2015, maofisa wa aina yake walikwenda darasani na kishikwambi mkononi, wakamtazama mwalimu akifundisha, wakapima watoto wachache, wakakaa na mwalimu kumwambia walichokiona. Tusome ilikuwa pia na kitabu kwa kila mtoto na mwongozo wa somo kwa mwalimu, na mimi naamini hatungeweza kutenganisha kimoja na kingine.

Tatu, watu wa kujitolea. Kila mara shule ikikosa walimu linatajwa wazo la vijana wahitimu walipwe kidogo na kamati ya shule. Linaweza kusaidia, lakini tujue yaliyotokea Kenya: walimu wa mkataba walipoajiriwa kupitia shirika lisilo la serikali, watoto walipanda; mpango huohuo ulipoendeshwa na serikali, faida ikatoweka. Mishahara iliyochelewa na usimamizi dhaifu vilikuwa sehemu ya sababu. Kijana asiyelipwa kwa miezi mitatu haji kufundisha silabi, na huwezi kumlaumu.

Nimesikia hoja kwamba tangu mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipobadilishwa mwaka 2015 kujikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, tatizo lingekuwa limekwisha. Mabadiliko yale yalikuwa sahihi. Lakini Januari 2016 ada na michango ilifutwa, madarasa ya kwanza yakafurika, na mtaala unaotaka mwalimu amsikilize kila mtoto akisoma ukakutana na chumba ambamo mwalimu hapati hata njia ya kupita katikati ya madawati. Wapo waliojifunza. Wasiojifunza walisogea na wenzao, na sasa wamo darasa la nne na la tano, na wengine wamefika sekondari. Sera ya elimu ya toleo la 2023 inataka kila mtoto akae shuleni miaka kumi ya lazima. Ni jambo jema. Lakini asiyesoma atakaa miaka hiyo kumi akinakili kutoka ubaoni, na daftari lake litakuwa safi kabisa.

Gharama? Karatasi nne za manila kwa wiki, kalamu mbili za wino mzito, vizibo ambavyo mwenye kioski atawapa bure. Walimu wakutane kwenye jumuiya yao ya ujifunzaji ya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), ambayo kwenye ratiba ipo tayari, wajadili watoto wasiohama kwa vipimo viwili mfululizo. Hao ndio wa kuwaangalia kwa karibu: kusikia, kuona, njaa, au lugha ya nyumbani.

Kinachokosekana kweli vijijini ni maandishi mapya ya kusoma. Aya ya kupimia ikitumika mara tatu, watoto wameikariri, mwalimu anadhani wamepanda. Na hapa, Ndugu Mhariri, nina ombi kwako wewe. Gazeti lako linafika hata mahali ambapo kitabu cha hadithi hakifiki, japo wakati mwingine linafika likiwa limefungia vitumbua. Tenga kila wiki kona ndogo, upana wa safu mbili, uchapishe aya moja ya maneno 30 hadi 40 kwa herufi kubwa, yenye silabi zile 95 na jozi moja tu ngumu ya wiki hiyo, na maswali mawili chini yake, moja la kutafuta jibu kwenye maneno na moja la kufikiri. Walimu wataikata na kuibandika kwenye boksi. Ya wiki ya kwanza unaweza kuanza na kuku wa Asha, ukimwongezea maneno na kumpunguzia silabi ngumu.

Mdau wa elimu ya msingi,
Dodoma